Mkesha wa Mtoto: Maisha ya Hans Berger

Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii niliisikia ikitumiwa na pande mbili zinazopingana, katika sebule moja mjini Migori, usiku mmoja wa likizo. Mpwa wangu, mvulana wa miaka minane, alikuwa na tabia ya kuduwaa darasani: macho wazi, kalamu mkononi, huitwa jina asiitike, kisha baada ya muda mfupi huendelea kuandika kana kwamba hapakutokea jambo. Mwalimu aliuita uvivu. Lakini alfajiri moja mama yake alimkuta kitandani akitetemeka, mate yakimtoka, uso umevutwa upande mmoja. Kipimo cha kwanza cha mawimbi ya umeme wa ubongo hakikuonyesha kasoro. Daktari akapendekeza cha pili, na safari hii mtoto aende akiwa amekesha: alale kwa kuchelewa sana, aamshwe kabla ya kucha, wala asiachwe kusinzia njiani.

Nyanya yake aliuliza kwa nini mtoto mgonjwa anyimwe usingizi kisha atiwe stima kichwani. Dada yangu alitaka kipimo kifanywe haraka. Shemeji hakuogopa mkesha wala nyaya, aliogopa karatasi. Alisema kwamba karatasi ikishaandikwa neno kifafa, itamtangulia mwanawe kila aendako: shuleni, kazini, hata siku ya kuposa. Kisha wote wakanigeukia mimi, mjomba aliye chuo kikuu.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Sikuwa na jibu, nikafanya lile ambalo sisi hulifanya tupewapo matini tusiyoielewa: nikamtafuta mtunzi. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyekuwa wa kwanza kuandika umeme wa ubongo wa binadamu juu ya karatasi. Nilidhani nitakutana na shujaa. Niliyekutana naye ni mtu mgumu zaidi kumweleza, na ugumu huo ndio ulionisaidia kumjibu shemeji.

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 Mei 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa binti wa Friedrich Rückert, mshairi mashuhuri na bingwa wa lugha za Mashariki, aliyefasiri kwa Kijerumani Maqamat za al-Hariri na sehemu za Kurani. Rückert alifiwa na watoto wawili katika majira ya baridi ya 1833 na 1834, akatunga mashairi zaidi ya 400 ya kuwaombolezea. Babu huyo alifariki mwaka 1866, kabla mjukuu hajazaliwa, lakini jina lake lilitanda katika nyumba ile. Berger alikulia, basi, penye elimu ya tiba upande mmoja na ushairi upande mwingine.

Kijana huyo alitamani kuwa mtaalamu wa nyota, akaanza kusoma hisabati. Masomo hayakumkolea. Akayaacha, akajiunga na jeshi kwa mwaka mmoja. Siku moja katika mazoezi, farasi wake aliruka kwa hofu, naye akaanguka mbele ya gari lililokuwa likikokota mzinga. Gurudumu lilisimama karibu kabisa na mwili wake. Alinusurika bila jeraha la kutajika. Jioni ile ile ilifika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, ikiuliza hali yake. Dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali na hapo, alikuwa ameshikwa ghafla na hofu kwamba ndugu yake amepatwa na baya, akamsihi baba atume salamu.

Mwingine angelitaja tukio hilo mara mbili tatu kisha alisahau. Berger hakulisahau. Aliamini kwamba hofu yake ya kufa ilitoka kichwani mwake ikamfikia dada yake, na kwamba nguvu iliyosafiri hivyo lazima ipimike. Akarudi chuoni kusomea udaktari, si hisabati tena. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Jena mwaka 1897, akaajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya mji huo chini ya Otto Binswanger, wala hakuondoka hapo hadi alipostaafu mwaka 1938.

Miaka zaidi ya ishirini ya mwanzo ilikuwa ya kushindwa. Alichunguza mzunguko wa damu katika ubongo wa wagonjwa waliokuwa na tundu kwenye fuvu. Hakuipata nguvu aliyoitafuta. Alipima joto la ubongo, hakuipata. Alijua kwamba mwaka 1875 Richard Caton, daktari wa Liverpool, alikuwa ameonyesha mikondo hafifu ya umeme juu ya ubongo wa sungura na nyani. Berger alijaribu kwa mbwa, mara moja na mara nyingine, na vyombo vya wakati huo havikumpa kitu cha kuaminika. Mwaka 1911 alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake katika maabara. Kazini alijulikana kuwa mtu mkimya, mwenye kushika saa na utaratibu wa siku bila kuubadili. Utafiti wake aliufanya peke yake baada ya saa za kazi, na wenzake wengi hawakujua anachokitafuta.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Berger alipelekwa Ufaransa kama daktari wa akili wa jeshi. Sisi wa Nyanza Kusini tunavijua vita hivyo kwa njia yetu: mwezi Septemba mwaka huo huo, kikosi cha Wajerumani kutoka upande ambao leo ni Tanzania bara kilivuka mpaka na kupigana na Waingereza mjini Kisii. Vita vilipokwisha, Berger alirudi Jena, na mwaka 1919 akakabidhiwa uongozi wa kliniki nzima.

Tarehe 6 Julai 1924 ndipo alipofanikiwa. Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imeondolewa kwa upasuaji wa ubongo. Berger aliweka elektrodi juu ya ngozi iliyofunika pengo hilo, akaziunganisha na galvanomita, chombo cha kupimia mikondo midogo ya umeme, akaona mshale wa nuru ukitikisika. Kutikisika huko kulikuwa kudogo mno. Huenda kulitokana na mapigo ya moyo, au na misuli ya kichwa, au na chombo chenyewe. Hakuutangaza ushindi. Alikaa miaka mitano akijipinga mwenyewe, akipima tena na tena, akiondoa sababu moja baada ya nyingine.

Katika miaka hiyo ya shaka aliwahitaji watu wenye mafuvu mazima, wasio wagonjwa. Akajipima mwenyewe. Kisha akamketisha mwanawe, Klaus, aliyekuwa kijana mdogo, akampima mara nyingi, na baadhi ya michoro iliyochapishwa kwanza duniani ni ya kichwa cha mtoto huyo. Hapo nilisimama katika kusoma kwangu. Kumbe chombo hiki kinachowatia wazazi wa Migori wasiwasi, katika miaka yake ya mwanzo kabisa kilifungwa kichwani pa mtoto na baba yake mzazi. Berger aliweza kufanya hivyo kwa sababu alijua jambo ambalo nyanya wa mpwa wangu hakuelezwa na mtu: chombo hakitii umeme kichwani. Kinasikiliza tu umeme ambao ubongo wenyewe huutoa, mchana na usiku.

Mwaka 1929 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu elektroensefalogramu ya binadamu, yaani mchoro wa umeme wa ubongo. Yalifuatiwa na mengine hadi mwaka 1938, jumla yake 14, karibu yote yakibeba kichwa kile kile. Alieleza kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi yapatayo 10 kwa sekunde, aliyoyaita alfa. Akifumbua macho au akianza kupiga hesabu, mawimbi hayo hufifia na nafasi yake kuchukuliwa na mengine madogo yaendayo kasi, aliyoyaita beta. Alionyesha pia kwamba mchoro hubadilika mtu alalapo na apatapo kifafa. Lile alilolitafuta tangu aanguke kutoka kwa farasi, nguvu isafirio kutoka kichwa hadi kichwa, hakulipata kamwe. Mawimbi aliyoyapata ni hafifu kiasi kwamba hayapimiki hata hatua chache kutoka kwenye ngozi.

Wanasayansi wa Ujerumani hawakumjali sana. Mambo yalibadilika mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipoyarudia majaribio yake na kuyathibitisha, wakayaita mawimbi ya alfa mdundo wa Berger. Mwaka uliofuata, mjini Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox waliwapima wagonjwa wenye kifafa cha kuduwaa, kile kinachomfanya mtoto kukatika katikati ya sentensi na kurudi baada ya sekunde chache. Waliona mawimbi makubwa yenye ncha, matatu kwa kila sekunde, yakianza na kukoma pamoja na kuduwaa kwenyewe. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kumwonyesha mwalimu, kwa wino, kwamba mtoto huyo si mvivu. Katika miaka ya 1940 Gibbs na mkewe Erna wakaonyesha kwamba dalili nyingi za kifafa hujificha mtu akiwa macho na kujitokeza anaposinzia. Hapo ndipo palipo asili ya mkesha: mtoto aliyenyimwa usingizi husinzia upesi chini ya elektrodi, na uchovu wenyewe huusukuma ubongo kuitoa siri.

Wasifu ungeweza kuishia hapa, na kwa miaka mingi uliishia hapa. Vitabu vilisimulia kwamba Berger alikuwa mtaalamu mpweke aliyedharauliwa na wenzake, akawachukia Wanazi, akalazimishwa kustaafu, akafa kwa huzuni. Ni hadithi tamu, yenye mtu mwema na watu wabaya. Watafiti wa historia ya tiba walipozifungua kumbukumbu za wakati huo, hasa katika karne hii, walikuta mambo mengine.

Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria iliyoruhusu watu kufungwa kizazi kwa nguvu ili wasizae. Sheria ilianza kutumika Januari 1934, nayo iliyataja magonjwa kwa majina. Mojawapo ni kile ilichokiita kifafa cha kurithi. Kesi ziliamuliwa na mahakama maalumu, kila moja ikiwa na hakimu na madaktari wawili. Aliyehukumiwa aliweza kukata rufaa mara moja, na uamuzi wa rufaa ulikuwa wa mwisho. Hadi mwaka 1945 watu wapatao 400,000 walikuwa wamefungwa kizazi kwa njia hiyo. Hans Berger alikuwa miongoni mwa madaktari walioketi katika mahakama ya rufaa ya Jena. Hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, lakini alikuwa mfadhili wa kikosi cha SS. Na mwaka 1938 hakufukuzwa: alikuwa amefika umri wa miaka 65.

Mtu yule yule, basi, aliwapa wagonjwa wa kifafa ushahidi kwamba maradhi yao ni umeme wa ubongo wala si laana, kisha akaketi penye meza iliyoamua nani kati yao apokonywe haki ya kuzaa. Mwandishi wa wasifu hana ruhusa ya kulichagua nusu moja. Akiificha ile ya pili atakuwa ametunga sifa. Akiifuta ile ya kwanza atakuwa ameifuta kazi ambayo hospitali nyingi duniani zinaitegemea hadi leo.

Baada ya kustaafu, Berger aliandamwa na maradhi ya mwili na huzuni kubwa ya moyo. Tarehe 1 Juni 1941, mjini Jena, alijiua akiwa na umri wa miaka 68. Vita vilikuwa vikiendelea, na si wengi nje ya Ujerumani waliopata habari kwa wakati. Baada ya vita, kipimo chake kilienea katika hospitali kubwa za dunia, na baadaye kikafika kwetu Afrika Mashariki.

Ndugu msomaji, nilirudi sebuleni Migori na hadithi hii. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba nimempa hoja yeye: karatasi ni hatari kweli. Nilimkubalia. Wala hatari hiyo haikuwa ya Ujerumani peke yake. Sheria ya kesi za ndoa iliyotungwa Kenya wakati wa ukoloni, ikifuata ile ya Uingereza ya 1937, iliruhusu ndoa kubatilishwa iwapo mmoja wa wanandoa alikuwa na kifafa cha mara kwa mara alipooa au kuolewa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2014 tu. Na hata bila sheria, katika vijiji vya Migori na Homa Bay yupo mtoto anayelishwa kwa sahani ya peke yake kwa kuwa watu huamini mate yake yanaambukiza, na yupo aliyetolewa shule. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kuguswa.

Lakini maisha ya Berger yana funzo la pili. Mchoro wenyewe haukumhukumu mtu. Waliohukumu ni watu waliokaa mezani. Kwa hiyo swali la familia yetu halikuwa kama karatasi ni njema au mbaya, bali ni nani ataishika na ataifanyia nini. Tukamwomba dada yangu arudi kwa daktari na maswali matatu. Je, matokeo yatabadilisha matibabu? Kipimo kina uwezo gani na kinashindwa wapi? Na karatasi itabaki kwa nani?

Majibu yalikuwa bayana. Matibabu yangeweza kubadilika, kwa sababu vifafa ni vingi. Dawa ya kabamazepini, kwa mfano, huzuia aina fulani, lakini huweza kukizidisha kifafa cha kuduwaa. Kumpa mtoto dawa kwa kubahatisha ni kucheza kamari. Kuhusu uwezo wake, kipimo si kadhi. Kipimo kimoja cha kawaida hukosa dalili kwa wagonjwa wengi ambao kweli wana kifafa. Cha usingizini huongeza uwezekano wa kuzipata, ila hakileti uhakika kamili. Wapo pia watoto wachache wazima ambao michoro yao huwa na ncha za kutilia shaka. Ndiyo maana daktari huanza na masimulizi ya yule aliyeuona mshtuko, na mchoro huja kuyatilia nguvu. Hatari iliyopo ni kwamba kukosa usingizi kunaweza kuuamsha mshtuko, hivyo mtoto asiachwe peke yake. Ukimpata, alazwe kwa ubavu, wala asitiwe kitu mdomoni. Dawa, kama anazitumia, zisikatishwe bila amri ya daktari. Nayo karatasi ni siri ya mgonjwa. Shule huambiwa na mzazi akiona inafaa, na kiasi anachoona kinafaa.

Shemeji aliwaza siku mbili. Alichouliza mwishoni ni kimoja: mtoto akitaka kulala, nani atamzuia? Alipoambiwa kwamba ni yeye mwenyewe, alikubali.

Usiku huo waliketi wawili, baba na mwana, wakicheza bao hadi kupita saa sita. Mtoto alilala kidogo, akaamshwa saa kumi, akaoshwa nywele bila kupakwa mafuta, akanyimwa chai kwa kuwa majani yake humfukuza usingizi mtu anayetakiwa kusinzia baadaye. Katika matatu, kila kope zilipoanza kushuka, baba alimuuliza majina ya samaki wa ziwani. Chumbani mwa kipimo alibandikwa elektrodi ishirini na ushei, akaambiwa apumue kwa nguvu kama anayepuliza moto, akaangazwa taa ya kumetameta, kisha akaachiwa usingizi aliokuwa akiudai tangu alfajiri. Alilala papo hapo.

Kilichoonekana katika mchoro ule sitakiandika hapa. Tuliafikiana kwamba karatasi ni ya mtoto, na itabaki kabatini kwa mama yake mpaka mwenyewe afikie umri wa kuamua nani aisome.